Vidole vya Fundi Kobero

Kioo cha kompyuta kilizimwa saa tatu na nusu asubuhi, kama kanuni inavyotaka, na Fundi Alois Kobero akabaki na kibodi tu, bila picha ya kumwonyesha wimbo ulipofika. Nyuma ya ukuta wa vioo kikundi cha ngoma kutoka Mkuyuni kilikuwa kimeshaanza kupiga. Wasikilizaji waliokaa upande wa pili wa ukumbi wangeusikia wimbo huo baada ya sekunde tisa, na sekunde hizo tisa, pengo kama mafundi wanavyoziita, ndizo zilizokuwa kazi yake. Ndani ya muda huo fundi wa pengo husikia kosa, hulikata, huziba palipokatwa, kisha huuachia wimbo utoke ukiwa mzima. Hakuna aliyewahi kuyaweza hayo kwa kusogeza kipanya na kutafuta menyu. Hufanyika kwa mikato ya kibodi, vitufe viwili, vitatu au vinne vikibonyezwa kwa mpigo mmoja. Mikato yenyewe ni mia mbili na arobaini.

Sikitu Mkude alikaa hatua tatu nyuma yake, kishikwambi mapajani. Kobero ndiye aliyemfundisha kazi. Asubuhi hiyo yeye ndiye aliyepangwa kushuhudia mtihani wa mwalimu wake na kuhesabu makosa yake, kwa kuwa katika Morogoro nzima hapakuwa na mtu mwingine mwenye leseni ya meza ya kwanza.

Dakika mbili zilikwenda vizuri. Mwimbaji mkuu alikohoa katikati ya ubeti. Kobero akakata, akavuta, akaziba, na upande wa pili hakuna aliyejua kwamba kuna mtu aliyekohoa. Dakika ya tatu zeze lilipanda nusu sauti. Tiba ya kosa hilo ni mikato mitatu: kuitenga ala iliyopotoka, kuishusha, kuiunganisha tena na wenzake. Mkono wa kulia wa Kobero ulikwenda, ukafika juu ya vitufe, ukasimama. Haukutetemeka. Ulisimama kama mtu aliyebisha hodi, mlango ukafunguliwa, akakuta si nyumba aliyoifuata.

Sikitu alipaswa kuutazama mkono huo. Alitazama wa kwake. Pembeni ya kishikwambi vidole vyake vilikuwa vimeshabonyeza paja mara tatu, upesi, bila yeye kuviamuru. Tenga, shusha, unganisha. Alivikunja ngumi na kuviweka chini ya paja, akavikalia.

Sekunde tisa zikaisha. Zeze likatoka kama lilivyopigwa.

Kobero alikwama tena, na tena. Kila alipokwama, vidole vya Sikitu vilijikakamua chini ya paja vikitaka kutoka. Mara ya nane Chande, mpiga ngoma kiongozi, aliisogelea maikrofoni na kusema kwa sauti ya upole wa makusudi, "Jamani, mleteeni mzee kipanya." Wenzake wakacheka. Miongoni mwa mafundi wa pengo hakuna tusi lililo chini ya hilo, maana kipanya ni cha wanafunzi wa wiki ya kwanza.

Mkurugenzi wa ukumbi, Bi Mwanaidi Shomari, aliwasha kioo na kumaliza jambo. Hakutoa neno la ukali. Kobero alisimama, akakiweka sawa kikuku cha kitambaa cheusi alichokivaa kifundoni mwa mkono wa kulia, kile cha kupasha joto kwa ajili ya baridi yabisi, akamgeukia Sikitu.

"Usinihurumie, binti yangu. Hesabu kilichopo."

Kilichopo kilikuwa hiki: mikato thelathini na mmoja iliyohitajika, kumi na minane iliyopigwa, kumi na mitatu iliyokwama. Katika mtihani wa mwaka uliotangulia iliyokwama ilikuwa sifuri.

Koridoni Bi Mwanaidi alimweleza Sikitu kilichobaki. Taarifa ilikuwa na sehemu tatu, na ya tatu iliitwa Sababu ya Upungufu. Ilitakiwa kabla ya saa kumi jioni, kwa kuwa bodi ya leseni ilikuwa inakaa kesho yake asubuhi. Sababu ikiandikwa kuwa ni umri au maradhi ya akili, Kobero angenyang'anywa leseni, na jina lake lingepelekwa kliniki kupata cheti cha mtu asiyetakiwa kuachiwa mitambo, gari, wala saini yake mwenyewe. Kiti chake kingekwenda kwa Sikitu. Mkurugenzi alilitaja hilo la mwisho kwa sauti ya kufariji. Alisema kwamba angalau kiti kinakwenda kwa mtu aliyefundishwa na mwenyewe.

Sikitu aliitikia kwa kichwa.

*

Mikato hujifunzwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya kadi. Unaandika jina la mkato upande mmoja, vitufe upande wa pili, unazibandika juu ya sinki, mlangoni mwa friji, kwenye kioo cha kujitazamia, na unabonyeza mpaka kidole kiache kuuliza. Kobero alijifunza hivyo kwa miaka mitatu. Sikitu alifuata njia hiyo kwa miezi kumi na minne, akafika mkato wa tisini na sita, akakwama hapo. Tatizo lake lilipimika. Jina lilimjia kwanza, kidole kikafuata, na kati ya jina na kidole zilipita sehemu sita za kumi za sekunde. Mtihani ulitaka mbili. Alifeli mara ya kwanza, akafeli ya pili. Mtu huruhusiwa mara tatu maishani.

Njia ya pili ni kikuku cha mazoea. Huvaliwa kifundoni mwa fundi aliyebobea, na wakati akifanya kazi zake husoma amri zinazotoka kichwani kwenda vidoleni. Kisha huvaliwa na mwanafunzi usiku arobaini akiwa usingizini, na amri zilezile hupandwa kwake. Tatizo ni kwamba neva haisomwi bila kuguswa. Kila amri inayosomwa humrudia mwenyewe kama mwangwi uliofifia kidogo, na mwangwi ukizidi, mazoea ya mwenyewe huanza kufutika. Kwa hiyo sheria iliweka mpaka: saa tatu tu za kusomwa, kwa saini ya anayesomwa, na cheti cha mwanafunzi kitaje vidole vyake vimetoka wapi. Mwenye cheti cha namna hiyo hukaa meza ya tatu. Anayetaka meza ya kwanza huapa mbele ya bodi, "Vidole hivi nimevifundisha mwenyewe."

Saa tatu za kusomwa hutoa mikato kama thelathini. Sikitu alihitaji karibu mikato yote, yaani saa ishirini na mbili.

Kobero alikuwa analalamikia kifundo cha mkono kila msimu wa baridi. Kiwanda kinachotengeneza vikuku vya kupasha joto ndicho kinachotengeneza vya kusoma, kwa kitambaa kilekile cheusi, na vya kusoma navyo hupasha joto, maana damu iliyochangamka husomeka vizuri zaidi. Sikitu alinunua kimoja cha kusoma, akakifunga kwenye karatasi ya zawadi, akampelekea. Kobero alikivaa mbele ya mafundi wote, akasema watoto wake wa kuzaa hawakuwahi kuliwaza jambo hilo. Siku ya kumi na mbili Sikitu alikichukua akisema anakwenda kukichaji. Alichomrudishia kilikuwa kingine kilichofanana nacho, cha kupasha joto tu.

Hakuwa mtu wa kubahatisha. Alikuwa ameusoma mwongozo mzima. Katika kila watu arobaini waliosomwa zaidi ya saa ishirini, mmoja alipungukiwa. Mmoja kwa arobaini ni asilimia mbili na nusu, na Sikitu aliamua kwamba asilimia mbili na nusu anaweza kulala nayo. Chini ya ukurasa palikuwa na tanbihi ya maandishi madogo: hesabu hiyo ilitokana na watu wenye umri chini ya miaka hamsini, kwa waliozidi hapo hakuna kipimo. Kobero alikuwa na miaka sitini na mmoja. Katika miezi iliyofuata Sikitu alijaribu mara nyingi kujiaminisha kwamba tanbihi hiyo aliiona baadaye, kazi ikiwa imeshakwisha.

Aliiona kabla.

Siku ya arobaini na moja alifanya mtihani wa tatu, akapata mikato mia mbili thelathini na sita. Akaapa.

*

Saa saba na nusu mchana alishuka kwenye bodaboda mbele ya nyumba ya Kobero, Kilakala, akiwa na kishikwambi, kibodi ya kukunja, na mkoba ambao dereva aliuliza mara mbili kama una mayai, kwa jinsi alivyoukumbatia. Alijiambia kwamba amekuja kwa sababu kanuni inamruhusu anayepimwa kutoa maelezo yake. Kanuni hiyo ipo kweli. Hakuna aliyewahi kuitumia.

Mke wa Kobero, Mama Leokadia, muuguzi mstaafu, alimpokea kwa mikono miwili, akamuuliza kama amekula, na kabla hajajibu akafunua sufuria. Sikitu alikuwa anaingia jikoni humo tangu mwaka wa kwanza wa mafunzo. Siku hiyo alikuta karatasi. Juu ya jiko la gesi ilibandikwa moja iliyoandikwa ZIMA. Kwenye mlango wa nyuma, FUNGA. Juu ya ndoo ya maji ya kunywa, HAYA YA KUNYWA. Zote kwa mwandiko wa Kobero, herufi kubwa zilizosimama wima.

Mama Leokadia alimwona anazitazama. Alizungumza taratibu, ili asisikike barazani. Alisema mumewe alirudisha ufunguo wa gari mwenyewe, mwezi wa tatu, bila kuombwa. Alijiondoa kwenye zamu ya kusoma masomo kanisani kwa kuogopa kupotea katikati ya mstari. Mjukuu wake hambebi tena kuvuka barabara. Walikwenda hospitali mara mbili, kichwa kikapigwa picha mara mbili, hakikuonekana kitu, na daktari akasema maradhi ya namna hiyo huanza kimyakimya. Mwezi uliopita aliwachukua vijana wake wa kiume hadi Matombo kuwaonyesha mpaka wa shamba na kaburi la bibi yao, akiwa bado anapakumbuka.

"Kwani nini kilimwanza?" Sikitu aliuliza, ingawa alijua.

"Mikono. Aliniambia, mama, mikono yangu imesahau kazi ya miaka thelathini. Mtu akisahau kazi ya miaka thelathini, kipi kingine hatasahau?"

Katika hesabu zake zote Sikitu alikuwa amepima hasara kwa mikato. Fundi angeweza kupungukiwa na mkato mmoja, au kumi, au sitini. Hapakuwa na safu ya jiko la gesi. Hapakuwa na safu ya mjukuu.

Kobero alikuwa barazani na boksi la sabuni lililopasuliwa. Juu yake alikuwa amechora kibodi kamili kwa kalamu ya wino, na pembeni alikuwa na rundo la kadi. Alikuwa anataja na kubonyeza, anataja na kubonyeza, kama mwanafunzi wa mwezi wa kwanza. Hakuficha. Alimwambia Sikitu avute kiti, akauliza kama taarifa imekwisha, na kama Chande bado anacheka.

"Mwalimu, wewe huumwi."

"Umeshakuwa daktari?"

"Huumwi. Ni mimi niliyekufanya hivi."

Akamweleza. Alianza na tarehe aliyonunua kikuku, akafuata siku kumi na moja, saa ishirini na mbili, siku ya kuchaji, usiku arobaini, mtihani, kiapo. Aliyapanga kama mtu anayesoma taarifa ya mtu mwingine, kwa sababu angeyataja kwa namna nyingine yoyote yasingetoka.

Kobero hakumkatiza. Alipomaliza, mzee akauliza maswali kama alivyouliza siku zote studio, moja baada ya jingine, bila kupandisha sauti. Saa ngapi kwa jumla? Mwongozo unasema nini kwa saa hizo? Mmoja kati ya arobaini wa umri gani? Sikitu alimtajia tanbihi.

"Uliisoma?"

"Niliisoma."

"Kabla au baadaye?"

"Kabla, Mwalimu."

Kobero alifungua kifungo cha kikuku, akakivua, akakiweka juu ya boksi la sabuni, katikati ya vitufe. Pale kilipokuwa ngozi ilikuwa imepauka. Alipapangusa kwa kiganja, taratibu.

Mama Leokadia alikuwa mlangoni na sahani ya wali. Hakuna aliyejua amesimama hapo tangu lini.

"Pasaka ulikula hapa," alimwambia Sikitu. "Baba huyu alishindwa kukata keki kwa kuwa anajiogopa akishika kisu. Ukampokea kisu, ukatukatia. Mimi nikasema Mungu amekujalia moyo."

Sikitu alitazama sakafu. Alikumbuka keki hiyo. Alikumbuka pia kwamba aliikata vipande sawasawa, na kwamba alijisikia mtu mwema.

Mama Leokadia aliirudisha sahani jikoni.

Kilichokuwa mkobani ndicho alichokuja nacho kama malipo, na sasa alikitoa: kikuku kipya cha kusoma, kingali kwenye boksi lake. Alieleza kwa kifupi. Kikiwekwa kwenye kina cha mwisho kingemsoma yeye usiku mmoja na kumfuta kabisa. Kisha Kobero angekivaa usiku wake arobaini, na kwa makisio angerudishiwa theluthi mbili ya mikato, pengine zaidi. Yeye angebaki na vidole vya mtu asiyewahi kuigusa kibodi.

"Kivae," Mama Leokadia alimwambia mumewe kutoka jikoni. "Vyako hivyo."

"Ngoja kwanza." Kobero alimgeukia Sikitu. "Taarifa umeiandika?"

"Sehemu mbili. Ya tatu bado."

"Nikikipokea hiki sasa, ukienda kuandika utakuwa umeshanilipa. Na usipoandika, mimi nitakuwa nimeshapokea. Andika kwanza. Hicho tutakizungumza baadaye."

Saa ilikuwa nane na dakika arobaini. Sikitu alikunjua kibodi juu ya meza ya baraza, akafungua sehemu ya tatu. Kulikuwa na visanduku vya kuchagua, umri, maradhi, ajali, ulevi, na cha mwisho kiliandikwa Mengineyo, kikiwa na nafasi ya mistari miwili. Aliandika: Upungufu huu umesababishwa na mimi, Sikitu Mkude, niliyemsoma Fundi Alois Kobero kwa kikuku saa ishirini na mbili bila yeye kujua, Fundi haumwi, kiapo changu mbele ya bodi kilikuwa cha uongo.

Alipoweka nukta, kidole chake kidogo kilibonyeza, na sentensi yote ikatoweka. Kikabonyeza tena, ikarudi. Sikitu alikurupuka. Hakukusudia hata moja kati ya hayo mawili. Alijua limeonekana namna gani: mtu anakiri, anafuta, anarudisha.

"Hiyo ni yangu," Kobero alisema.

"Sikutaka kufuta, Mwalimu. Naapa."

"Najua. Hiyo haiko kwenye kadi. Niliianza mwaka niliopoteza wimbo mzima wa kwaya kwa mkato mmoja wa haraka. Tangu hapo kila nikimaliza natendua, nasikiliza palivyokuwa, natenda upya. Haichukui hata nusu sekunde. Hakuna mwingine anayefanya hivyo. Nilikuona unaifanya, mwezi wa pili. Nilifurahi sana. Nilirudi hapa nikamwambia mama, mimi ninakwisha, lakini yule binti amenishika mpaka tabia za vidole."

"Aliniambia," Mama Leokadia alisema. "Usiku huo alilala."

Sikitu aliona afadhali wangempiga. Alibonyeza kutuma. Alikibonyeza kwa kidole cha mkono wa kushoto, ambao haukupandwa amri za mtu.

Jibu la Bi Mwanaidi lilikuja kabla hata hawajasema neno jingine, na lilikuwa fupi. Lete leseni kesho saa mbili. Sikitu aliwasomea kwa sauti, kisha akawaonyesha kioo cha kishikwambi wajisomee, kwa sababu alijua hawana tena sababu ya kuamini anachosoma. Bodi ingemfungia miaka kumi, huenda maisha. Baada ya bodi kulikuwa na polisi. Alishangaa kwamba hayo hayakumpunguzia kitu. Alikuwa amedhani aibu ni woga wa kugundulika, na kwamba ikishasemwa itaisha. Ilikuwa palepale, nzima, ila sasa ilikuwa na mashahidi.

Kobero aliisoma taarifa mara mbili, kidole kikifuata mistari. Alipofika kwenye maneno Fundi haumwi alikiacha kidole hapo. Kisha aliinuka akaingia jikoni. Walisikia gundi ya karatasi ikibanduka. Alirudi na karatasi ya jiko la gesi, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni mwa shati, akaketi.

"Sasa hiki," alisema, akikisukuma kikuku kipya kwa ncha ya kalamu kurudi upande wa Sikitu. "Sikivai."

Mama Leokadia alitaka kujua kwa nini. Swali lilikuwa la haki na mumewe alilijibu kwa hesabu. Theluthi mbili si mikato yote. Na hiyo itakayorudi, Sikitu ameifanyia kazi miezi minane kwa mkono wake, kwa hiyo kinachorudi si kile kilichotoka. Na yeye ana miaka sitini na mmoja. Kama tanbihi haikujua kusomwa kungemfanya nini, haijui pia kupandwa kutamfanya nini. Zaidi ya hayo, Sikitu akifutwa, na yeye asipopokea, Morogoro itakuwa na watu wawili wasiojua na hakuna wa kumwuliza.

"Kwa hiyo umemsamehe," Mama Leokadia alisema.

"Sijasema hivyo." Aliuvuta ubao wa boksi la sabuni ukawa kati yake na Sikitu. "Nimesema nitajifunza. Nilijifunza mara moja kwa kadi, sikufa. Nianze na ile iliyonikwamisha leo. Kutenga ala moja. Ni vitufe gani?"

Sikitu alifungua mdomo. Neno halikuwepo. Alijua mikato tisini na sita kwa jina, ile aliyoihangaikia mwenyewe kwenye friji na juu ya sinki. Mingine yote iliingia usiku akiwa amelala, bila kupitia kichwani, na haikuacha jina. Hakuwahi kuligundua hilo kwa sababu tangu aape hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Sijui, Mwalimu. Mkono ndio unaojua."

Mama Leokadia alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kisicho na furaha. Kobero hakucheka. "Basi mkono ufanye," alisema.

Sikitu aliweka mkono juu ya vitufe vya wino, akawaza zeze lililopotoka. Vidole viliruka na kutua. Kobero hakuona kitu. Akamwambia afanye polepole. Sikitu alijaribu polepole, na mkono ulikwenda, ukafika juu ya vitufe, ukasimama palepale uliposimama wa Kobero asubuhi. Amri iliyopandwa hutembea kwa mwendo uleule iliosomwa nao, ukiipunguza inakatika. Hilo nalo lilikuwa kwenye mwongozo.

Kwa hiyo akarudia kwa kasi. Kobero aliinama mpaka miwani ikakaribia kugusa vidole vyake. Mara ya tano alikamata Kontro. Mara ya tisa alikamata Shifti, chini ya kidole kidogo, ambacho alikuwa ameapa kwamba hakishuki. Waligombana juu ya kitufe cha tatu, yeye akisema T, Sikitu akisema labda R, Kobero akimuuliza vidole ni vya nani hapa. Mama Leokadia ndiye aliyeleta unga wa sembe kwenye kisosi. Aliunyunyiza juu ya vitufe bila kumtazama Sikitu. Mkono ukaruka tena, na kwenye unga zikabaki alama tatu.

Kontro, Shifti, T.

Ilikuwa imewachukua dakika arobaini. Kobero aliandika mkato huo kwenye kadi kwa penseli, kwa herufi zake zilizosimama wima, akaupiga mwenyewe mara ishirini huku akiutaja. Mama Leokadia alitoka na vikombe viwili vya chai, akampa mumewe kimoja, akaketi kunywa kingine. Kobero alipuliza unga ukaruka, akachukua kadi nyingine tupu.

"Kushusha," alisema. Hakumtazama Sikitu usoni. Alikuwa anautazama mkono.